Aksida ya Mtoto katika Piscine ya Cercle

Mwene-Ditu, tarehe 4 Septemba 1994

Yaya Séraphin,

Kaka yangu, kabla hujaketi kusoma, mpe wifi Marceline mkono wangu, maana nakujua, barua zangu unazisomea peke yako ndani ya chumba cha pampu na salamu za watu zinabaki mfukoni mwako. Sisi tuko wazima. Symphorien amepewa darasa la pili, watoto themanini na ubao mmoja, akirudi nyumbani hana sauti hata ya kuomba chumvi. Mimi bado niko laboratwari ya hospitali. Taa ya hadubini iliungua, kwa hiyo naihamisha kutoka dirisha hadi dirisha kufuata jua, na kazi yangu ni ileile ya Likasi: kutazama mavi ya watu na kuwaambia wana nini.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Tumepata nyumba. Vyumba viwili, na choo chetu wenyewe ambacho mume wangu alichimba kwa mikono yake, kirefu hata akahitaji ngazi ya jirani kutoka. Namtaka mtoto wangu. Godefroid wa reli, huyu anayekuletea barua, atakuwa Likasi mwanzo wa Desemba pamoja na mke wake, na wamekubali kuja na Sephora.

Nilimwacha akiwa na meno sita. Sasa ana miaka miwili na nusu na sijui sauti yake ikoje. Anapenda bukari ya mahindi au wali? Analala na nani? Akikasirika anafanyaje? Nijibu moja moja, yaya, usiniandikie tu kwamba hajambo.

Mdogo wako,
Fidélie


Likasi, tarehe 2 Oktoba 1994

Fidélie mdogo wangu,

Barua yako nimeipata mikononi mwa Godefroid, ikiwa na alama ya mafuta ya taa lakini inasomeka. Shemeji Symphorien apokee pole kwa wale themanini. Hapa joto limeshaanza na mvua bado. Maji ya bomba katika mtaa wetu yanakuja saa mbili kwa siku, siku nyingine hayaji kabisa, na Marceline ameshakuwa mjuzi wa kuosha vyombo kwa kikombe kimoja. Anakusalimu. Sephora hajambo, anakua. Kuhusu Desemba tutaongea.

Nataka kukuuliza jambo la kazi yako, kwa sababu hapa hakuna tena mtu wa kumuuliza. Jumatatu tarehe 19 mtoto mmoja alifanya aksida katika piscine ya Cercle, bwawa letu la kuogelea. Mtoto wa mtu, mdogo, alikuwa upande wa maji mafupi. Niliyaona maji, nikatoa kila mtu, nikafunga pampu, nikaenda kumwarifu Monsieur Adrien, gérant, msimamizi wetu mpya. Unajua klabu yetu ilivyokuwa zamani, mtu anaoga kwa sabuni kabla ya kugusa maji. Huyu Adrien ni mtu mwenye adabu kupita kiasi, neno mavi halipiti kinywani mwake. Akaniamuru nimwage maji yote na nitundike ubao getini. Nikamuuliza niandike nini. Akafikiri, akaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FERMÉ. ACCIDENT D'ENFANT, yaani imefungwa, ajali ya mtoto.

Kesho yake asubuhi nilikuta wanawake kumi na saba getini wamejifunga vitambaa kichwani. Walikuwa wameshaanza wimbo wa pili. Mmoja akanishika mkono.

"Mutoto wa nani alikufa, papa?"

"Hakuna muntu alikufa, mama. Mutoto alifanya mu maji."

"Alifanya nini?"

"Mavi."

Halafu yule mama akautazama ubao tena, herufi kwa herufi.

"Mavi njo munaandika aksida? Miye nimeacha bukari yangu ku moto."

Nilikwenda kumwomba Monsieur Adrien abadilishe maneno. Akasema, "Séraphin, ile neno haiandikwi ku Cercle." Basi ubao ulikaa siku kumi na mbili, yaani muda wote wa kusugua na kujaza upya, na kila siku watu wapya walikuja kutoa pole. Wengine walileta unga, ambao Marceline hakuweza kuurudisha kwa sababu hawakusema majina.

Sasa swali langu. Klorini iliyobaki ni nusu ya pipa na hakuna anayejua nyingine itatoka wapi. Wadudu wa mavi wanaishi muda gani ndani ya maji? Wanazama au wanaelea? Je, mtoto akivalishwa kitambaa kilichokazwa vizuri, kinazuia? Nimeweka chupa tatu kwenye dirisha la pampu: moja ya maji ya piscine na klorini, moja ya piscine bila klorini, moja ya bomba. Nazitazama kila siku. Utashangaa, ya bomba ndiyo iliyoanza kuwa kijani.

Kaka yako,
Séraphin


Mwene-Ditu, tarehe 9 Oktoba 1994

Yaya,

Jana msafiri mmoja wa treni alikuja hospitali na malaria. Kwa kuwa anatoka Likasi nilimuuliza habari za mji. Akasema kulikuwa na aksida kubwa, mtoto amekufa katika piscine ya Cercle, watu walikwenda kulia getini, na mtoto huyo, anavyosikia, ni wa nyumba ya mlinzi wa maji.

Mlinzi wa maji ni wewe.

Fonia, ile redio ya mapadri, imeharibika na fundi yuko Kananga. Symphorien anasema tusubiri barua yako, kwamba watu wa treni wanasema mengi. Sitaandika jina lake hapa. Niandikie neno moja tu, umpe yeyote anayepanda kuja huku, hata kama humjui.

Fidélie


Mwene-Ditu, tarehe 6 Novemba 1994

Yaya Séraphin,

Barua yako ya tarehe 2 Oktoba imefika jana. Siku ishirini na nane nilizokaa na maneno ya yule msafiri siwezi kukueleza zote. Nilikaa chini kwenye mkeka kama mfiwa. Nilikwenda kazini nikarudi kwenye mkeka. Kilichoniumiza kuliko vyote ni kwamba nilitaka kumlilia mtoto kwa uso wake na uso sikuuona, nilikumbuka tu harufu ya shingo yake. Kama ungeandikwa ule ubao kwa Kiswahili, mavi, herufi nne, nisingekaa chini hata siku moja. Mwambie hivyo Monsieur Adrien na adabu yake.

Leo nimeoga, nimesuka nywele, na nimesoma barua yako mara tatu kama mtu wa laboratwari. Nakujibu kwanza maswali.

Inategemea ni mavi gani. Yakiwa magumu, unayatoa kwa wavu, usiyavute kwa pampu kamwe, unaongeza klorini, unautumbukiza wavu wenyewe humo humo ili nao usafike, na unasubiri nusu siku. Wadudu wengi watakufa. Yakiwa ya kuhara, hiyo ni habari nyingine, kwa sababu amiba na ndugu zake wana viyai vyenye ganda, na klorini unayoweka wewe haivitishi. Vinazama polepole, ndiyo, lakini mtoto akipiga miguu vinapanda. Hapo kumwaga ni sawa. Kitambaa hakizuii kitu, kinachelewesha tu. Kinachozuia ni watu wazima: mtoto aoshwe matako kwa sabuni kabla ya kuingia, apelekwe chooni kila mara hata kama hakuomba, na aliyehara asiingie mpaka wiki mbili zipite tangu apone. Na mwambie kila mtu asimeze maji yale, hata wewe unayependa kuonja ili kujua kama dawa imekolea. Nakujua.

Sasa maswali yangu, nayo ni mawili tu.

Hukuniambia kama yalikuwa magumu au ya maji. Mtu anayehesabu wanawake kumi na saba getini anasahauje hilo? Unasema uliyaona maji, husemi uliona kitu. Tena mliimwaga piscine nzima katika mji ambao hauna maji, na wewe hukubisha, wewe ambaye zamani ulikuwa unagombana na wazungu kwa ndoo moja. Basi ulijua kwamba mtoto yule anaharisha. Ulijuaje, kama ni mtoto wa mtu?

La pili. Ulisema Jumatatu. Jumatatu Cercle imefungwa tangu tukiwa wadogo, siku ya kusafisha, na ufunguo unao wewe peke yako.

Yaya, mtoto yule ni wa nani? Na Sephora ana nini?

Fidélie


Likasi, tarehe 4 Desemba 1994

Fidélie,

Barua zako mbili zimenifikia wiki moja, ile fupi baada ya ile ndefu. Ile fupi niliposoma nilikwenda kukaa ukingoni mwa piscine na miguu yangu ndani ya maji, mimi ambaye nawafukuza watu wakifanya hivyo. Nisamehe zile siku ishirini na nane. Marceline anakusalimu, na shemeji pia nampa mkono. Mvua zimeanza vizuri.

Ni Sephora.

Nikueleze yote. Tangu Juni maji ya mtaa yalipopotea, Jumatatu nilikuwa nafungua mlango wa nyuma kwa Marceline na wanawake wanne wa uani kwetu, waje kuogesha watoto. Nilijiambia kwamba maji yapo, nayo yana dawa, kuliko watoto kuoga kwenye mtaro. Sabuni walitumia pembeni, niliwasimamia. Jumatatu ile Marceline alikuwa amekwenda Mulungwishi kwenye mazishi ya shangazi yake, nikamleta mtoto mimi. Sephora akitaka kwenda chooni anamwambia Marceline tu. Hata mimi haniambii, ananitazama tu. Siku ile alinitazama sana na mimi nikadhani anafurahia maji.

Mavi hayakuwa magumu. Yalikuwa maji matupu, siku ya nne. Nilijua anahara na bado nilimwingiza, kwa sababu alikuwa amechafuka na nyumbani hapakuwa na tone. Hilo ndilo kosa langu na sina mwingine wa kumtwika. Watoto watatu wa uani waliumwa baada yake. Wote wamepona. Nilikwenda kwa mama zao mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Mmoja hanisalimu mpaka leo.

Sephora aliumwa wiki tatu. Nilipokuandikia hajambo, alikuwa amelala nyuma yangu, na Marceline anampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko. Leo anakula, anakimbia, anapiga kuku. Anapenda bukari. Analala na Marceline. Akikasirika anageukia ukuta na hasemi kitu, kama wewe.

Sasa utaniuliza kwa nini sikuandika. Kwa sababu ungekuja. Barua yako ya Septemba sijamsomea Marceline hata leo. Godefroid alipita tarehe mosi na mke wake, nikamwambia mtoto hajawa tayari, na Marceline alikuwa jikoni hajui watu hao wamefuata nini. Miaka kumi na tisa tumeoana, Fidélie, na unajua hatukupata. Huyu mtoto anamwita mama. Simfundishi kumwita hivyo na sikumkataza.

Tuachie mwaka mmoja zaidi. Naomba. Utaratibu wako nimeuandika ubaoni: sabuni, choo, wiki mbili. Monsieur Adrien alilifuta neno matako, lakini mengine yamebaki.

Séraphin


Mwene-Ditu, tarehe 8 Januari 1995

Yaya,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wifi. Symphorien ana kikohozi lakini anafundisha.

Hukuniuliza kamwe kwa nini nilimwacha Sephora, na watu wengine wa Likasi wamesema wanavyotaka. Nikuambie sasa. Tulipokuwa tunalala gare, pale stesheni, mwaka 93, walipofukuzwa Likasi watu wenye majina ya huku, tukisubiri treni ya kutuondoa kwa sababu ya jina la mume wangu, kulikuwa na bomba moja, na wiki ya tatu hatukujua tena choo ni wapi na kitanda ni wapi. Nilikuwa na vioo vyangu vya hadubini kichwani. Nilijua kinachopita kutoka mkono hadi kikombe. Niliona mtoto wa jirani yangu wa mkeka anaanza kuhara asubuhi na anafungwa kwenye kitenge jioni akazikwe. Nikafikiri ni nani katika mji huu ana maji safi. Nikakumbuka mapipa yako. Sikumpa mtoto kwa mtu mwenye moyo mzuri, yaya, ingawa unao. Nilimpa kwa mtu mwenye klorini.

Sasa klorini inakwisha, na mtoto wangu amepatwa na kilekile nilichomwepusha nacho. Sikulaumu. Ningekuwa mimi, bila tone la maji nyumbani, labda ningefungua mlango uleule.

Lakini mwaka mmoja hapana. Nakuja mwenyewe. Mimi jina langu ni lenu, hakuna atakayenizuia kushuka Likasi. Msomee Marceline barua hizi zote, kuanzia ya Septemba. Asinione mlangoni kabla hajanisoma.

Fidélie


Mwene-Ditu, tarehe 19 Machi 1995

Yaya Séraphin, wifi Marceline,

Tumefika. Treni ilichukua siku tisa, tatu kati ya hizo tulisimama Kamina tukisubiri mashine. Symphorien alikuwa gare na amemtengenezea mtoto kiti chenye tundu, cha kuweka juu ya choo ili asiogope shimo. Sephora alikizunguka mara mbili, akakagua chini, akauliza, "Mavi inaenda wapi?" Mwalimu wangu alianza kumweleza mambo ya udongo na bado anaeleza.

Wifi, siku zile kumi na sita nilizokaa kwenu hukunifokea, na ningependa ungenifokea. Ulinionyesha anavyopenda kushikwa akioshwa, na wimbo gani, na kwamba maji ya masikio yanamtia hasira. Ulinikabidhi kama muuguzi wa zamu. Asubuhi ya safari hukuja gare. Yaya alisema una homa. Mimi nilijua na yeye alijua.

Katika treni Sephora hakuomba choo kwa mtu. Alinitazama, nami kwa kuwa yaya alikuwa ameniambia habari za kutazama kwake, kila akinitazama nilimchukua mbio mpaka mwisho wa behewa, mara nyingi bure, na abiria wakatucheka. Mara mbili nilichelewa. Nilifua kitenge changu kwa maji ya chupa, nikamwosha, nikanawa, naye akageukia ukuta wa behewa.

Baada ya Kaniama, karibu na Luputa, nilikuwa nimesimama kununua mahindi dirishani. Nikasikia kitenge kinavutwa nyuma.

"Mama, mavi."

Nikageuka, wifi, na kabla ya kumtazama yeye nilitazama nyuma yake, kukutafuta wewe.

Fidélie